Jibu: Sencha yangu inatoka chungu, ni udongo wa kyusu?

Ndugu, unasema kyusu yako mpya (birika dogo la udongo la Kijapani) ya Tokoname, mji wa Japani, inatoa sencha (chai ya kijani ya Kijapani) chungu kama mwarobaini na unashuku udongo. Udongo hauna kosa, kosa ni maji ya moto mno.

Maji yakishachemka, yamimine kwanza kwenye vikombe, kisha ndiyo uyatie kwenye majani. Kila ukiyahamisha yanapoa kama digrii 10, kwa hiyo unafika 80 hivi bila kipimajoto, na vikombe vimeshapata joto. Gramu 5 za majani kwa mililita 200, dakika moja, na usilitikise birika.

Kumimina ndiko kwenye kazi. Mkono wa kyusu uko ubavuni: shika kwa vidole, gumba likandamize kifuniko. Tia kidogo kidogo, kikombe hiki, kile, urudi tena, mpaka tone la mwisho lidondoke. Maji yakibaki ndani, majani yanaendelea kutoa uchungu na mkupuo wa pili, ukitia maji mengine kwenye majani yaleyale, umeharibika. Huo wa pili, sekunde 15 tu.

Halafu usiioshe kwa sabuni! Yangu niliiosha kwa sabuni ya ndimu, nikanywa ndimu wiki nzima.