Kumpeleka mzazi Brimstone Hill, Saint Kitts

Ndugu, umeuliza kama mama yako, ambaye magoti humsumbua, ataweza kutembelea ngome ya Brimstone Hill kisiwani Saint Kitts, katika Karibi. Ataweza, mradi mkodi teksi kutoka Basseterre, mji mkuu, kwa sababu mabasi madogo huwashusha abiria kwenye barabara kuu chini ya kilima, na kutoka hapo njia ni nyembamba, yenye kona kali na mwinuko wa kuchosha. Hata gari likifika juu, bado kuna ngazi za mawe za kupanda hadi Fort George, sehemu ya juu kabisa ya ngome. Asipoziweza, abaki upande wa chini, ambako bahari huonekana vizuri na, hali ya hewa ikiruhusu, hata kisiwa cha Sint Eustatius.

Ziangalieni kuta kwa karibu: ni mawe meusi ya volkano yaliyoungwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo kilimani. Waliozijenga, kwa zaidi ya miaka 100 tangu 1690, ni Waafrika waliotiwa utumwani, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko habari za Wafaransa kuiteka ngome mwaka 1782. Nendeni asubuhi, mkiwa na maji na kofia.