Aliir abaki nyuma

Hapana ndugu yangu, kumtoa Aliir Aliir kwenye ulinzi wa Port Adelaide, timu yetu ya kandanda ya Kiaustralia (ile ya kudaka mpira kwa mikono), ili acheze mbele, kama unavyotaka, ni kumpoteza bure. Klabu yake ya zamani, Sydney, walimhamisha-hamisha, hata kugombea mpira unaorushwa juu na mwamuzi. Port walipomchukua mwisho wa 2020 wakamwacha nyuma, na 2021 akaingia kikosi bora cha ligi nzima ya Australia. Mwangalie mpira mrefu unapokuja: anamwacha mtu wake, anaruka kutoka ubavuni, anaudaka juu ya vichwa vya watu. Hapo shambulizi lao limekufa na letu limeanza! Sisi Wakenya tunampenda zaidi, maana alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mshambuliaji tutafute mwingine.