Maganda makavu ya machenza (chenpi): yanasaidia nini na hayasaidii nini

Mkuu mleta uzi kauliza kama ni kweli maganda ya machungwa wanayouza Wachina kwa bei ya kutisha yanatibu mapafu na kukata kitambi, na kama anaweza kukausha ya kwake nyumbani. Nimesoma Guangzhou, mkoani Guangdong kusini mwa China, na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na mtungi wa maganda hayo jikoni, basi nachangia ninachokijua.

Kwanza si machungwa, ni machenza. Yanayosifika zaidi yanatoka Xinhui, kwenye mkoa huohuo wa Guangdong. Ganda wanalichana vipande vitatu vinavyobaki vimeshikana kitakoni, wanalianika, halafu wanaliweka ghalani. Lisipofikisha miaka mitatu haliitwi chenpi ya Xinhui. Kadiri miaka inavyokwenda linageuka kahawia iliyokolea, uchungu unapungua na harufu inatulia. Unacholipia ni umri huo, na ndiyo maana matapeli huchovya maganda mapya kwenye maji ya chai ili yaonekane ya kale. Mama yule alikuwa analimulika ganda kwenye taa: la kweli vitundu vya mafuta vinaonekana wazi, na ukilikunja linakatika kwa mlio.

Sasa dawa yenyewe. Kwa tabibu wa Kichina, bandama ndiyo inayosimamia usagaji wa chakula. Ikilemewa na unyevu inazaa makohozi, na mapafu yanakuwa ghala lake. Chenpi ni kali, chungu kidogo na ya "joto", kwa hiyo inasukuma qi (nguvu ya uhai wanayoamini inazunguka mwilini) iliyokwama tumboni na kukausha unyevu. Kwa lugha yetu: tumbo kujaa gesi, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, na kikohozi chenye makohozi mengi meupe. Dozi ya kawaida ni gramu 3 hadi 10 kwa siku, za kuchemsha. Mara nyingi haiandikwi peke yake. Mchanganyiko maarufu ni Erchen Tang, wa tangu enzi ya watawala wa Song huko China, ambao chenpi inachemshwa na banxia (kiazi kidogo cha dawa), uyoga wa fuling na mzizi mtamu wa gancao. Banxia mbichi ni sumu, hivyo hilo tuwaachie wenye fani.

Niliwahi kwenda duka la dawa asilia nina kikohozi kikavu, koo linawasha, nikaomba chenpi. Mzee akasema toa ulimi. Akautazama, akafunga droo. "Hii itakukausha zaidi. Nenda kachemshe peasi na sukari ya mawe." Ndipo nikaelewa kwamba kwao kikohozi si kimoja. Huku kwetu mtu akisikia "dawa ya kifua" anampa kila anayekohoa.

Kwa tumbo, mimi naikubali. Baada ya mlo wa mafuta, kikombe chake kinaleta mbweu na nafuu. Halafu kule ni kiungo vilevile: wanaitia kwenye supu tamu ya maharage mekundu, kwenye bata, kwenye uji wa mchele. Kitambi sahau. Maganda yana kemikali za asili ziitwazo hesperidini na nobiletini, na wanasayansi wamezichunguza sana, ila sehemu kubwa ni maabara na panya. Anayekuuzia kama dawa ya kisukari au ya kupunguza uzito anafanya biashara.

Kukausha nyumbani inawezekana, mradi ujue utapata ganda kavu la kawaida, si la miaka kumi. Chukua machenza yaliyoiva ya hapa nyumbani. Yale ya nje yanayong'aa supamaketi hupakwa nta. Osha, bandua, anika upande mweupe ukitazama juu mpaka likatike ukilikunja, kisha weka kwenye chupa kavu. Dar na Tanga hewa ina unyevu, kwa hiyo litoe juani kila baada ya muda. Likiota ukungu, tupa lote, usikwangue. Kipande kimoja na tangawizi kwenye maji ya moto kinatosha.

Mjamzito, au mtu anayemeza dawa za presha, amuulize daktari kabla. Na kikohozi kikifika wiki mbili, au kikiwa na damu, nenda ukapimwe kifua kikuu, maganda yatakusubiri.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama ganda la balungi nalo linatumika: nalo wanalo, ganda lake linaitwa huajuhong, lakini hiyo ni dawa nyingine, usibadilishane nayo.