Waziri mpya, maswali yale yale

Tangu Deus Sangu apewe uwaziri wa Kazi, Ajira na Mahusiano Novemba 2025, simu yangu haipumui. Nimechambua maswali machache.

*Waziri mpya atatupandishia mshahara lini?* (Mhudumu wa baa, Mwanza)

Umeshapandishwa, labda bosi wako tu ndiye hajapata habari. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ilitangazwa Oktoba 2025 na mtangulizi wake, Ridhiwani Kikwete, kuanza kutumika Januari 1, 2026. Zile sh. 358,322 zinazotajwa vijiweni, kutoka 275,060, ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake; baa haisomwi mstari mmoja na mgodi. Tafuta jedwali, soma mstari wako. Na waziri hakurupuki usingizini akataja namba, bodi ya mishahara hukaa kwanza ikapendekeza. Sh. 500,000 za Julai 2025 ni kima cha chini cha watumishi wa umma. Naomba hili nisiulizwe tena.

*Niliachishwa kazi Septemba. Nikasema ngoja Baraza jipya la Mawaziri litulie, ndipo nilalamike. Nianzie wapi?* (Dereva wa lori, Tabata)

Ungeanzia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Septemba hiyo hiyo. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na siku hazisimami eti kwa sababu majina yanasomwa Ikulu. Sasa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa ilipotelea wapi. "Nilikuwa namsubiri waziri" haitakufikisha popote.

Si wewe peke yako. Majuzi kijana mmoja alinitolea barua yake ya kuachishwa, imekunjwa mara nne hadi mikunjo inachanika, na mgongoni kaandika namba za watu watatu "wanaomjua mheshimiwa". Nikahesabu kutoka tarehe ya barua: siku ya 41. Hao watatu wote walikuwa wamekula hela yake ya vocha.

*Waziri anaweza kumwamuru bosi anirudishe kazini?*

Hawezi. CMA wanaweza, na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inaweza.

*Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina haki?* (Wengi mno)

Nani huwa anawadanganya? Wajibu wa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi ni wa mwajiri, na mkibishana, yeye ndiye wa kuthibitisha. Likizo yako ya siku 28 haikufutwa na uvivu wake. Ila tunza ushahidi: kitambulisho, ratiba ya zamu, meseji za muamala wa mshahara. Ukibadilisha simu, usizitupe.

*Nakatwa NSSF na WCF. Ni halali?* (Mlinzi, Morogoro)

NSSF, mfuko wa mafao yako, ni halali, mradi isizidi asilimia 10 ya mshahara wako. WCF, mfuko wa kuwafidia wanaoumia kazini, ni mchango wa mwajiri peke yake. Hata shilingi moja asiitoe mfukoni mwako. Ukiwa hapo hapo, chukua taarifa ya michango yako NSSF. Kukatwa ni jambo moja, kupelekewa ni jingine, na wengi hugundua siku ya kudai mafao.

*Naomba namba ya waziri.*

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Ofisa kazi yupo mkoani kwako. CMA nao wapo, na wanataka Fomu Namba 1, ya kupeleka mgogoro. Toa nakala kabisa, maana nakala ya mwajiri wako unampelekea wewe mwenyewe kwanza, na asaini kwamba amepokea.