Shangazi, nilikuja kuhubiri, mbona naosha wazee?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 26 kutoka Bukoba. Nina miezi mitatu hapa Wuppertal, Ujerumani, nimekuja na timu ya misheni ya watu watano. Nyumbani nilikuwa mwinjilisti wa vijana na mpiga tarumbeta wa usharika. Hapa nimepangiwa nyumba ya wazee: nawaogesha, nawalisha, nabadilisha mashuka. Ibadani tunakuwa watu ishirini, na baada ya baraka kila mmoja anashika njia yake. Jirani ametubandikia karatasi mlangoni kwa sababu nilitupa chupa Jumapili. Faraja yangu ni timu. Kila jioni tunasonga ugali, tunaomba, tunapiga soga kwa Kiswahili mpaka usiku, na kiongozi wetu hapendi mtu akose. Lakini miezi inakwenda na sijamjua mtu hata mmoja. Niombe kurudi?

Mhaya wa Wuppertal

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ikanirudisha mwaka 2009, nilipofika katika mji huohuo nikitoka Lushoto, na timu kama yako. Nilikaa miaka mitatu. Usiombe kurudi, walau bado.

Nianze na chupa, maana ndilo dogo. Kule Jumapili ni siku ya utulivu, na mlio wa kioo kikivunjikia ndani ya pipa unafika mbali. Za kioo peleka siku ya kazi, nyeupe, kahawia na kijani kila moja na tundu lake. Za plastiki zenye alama ya kurudishwa peleka dukani upewe senti 25. Aliyebandika karatasi hakuchukii. Wengi kule wakiwa na neno na jirani huliandika. Mvizie kwenye ngazi, sema Entschuldigung, yaani samahani, sikujua, na useme hivyo wewe mwenyewe, usimtume kiongozi.

Sasa la timu, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Sisi tulikuwa wanne, ghorofa ya tatu. Tulifika Machi. Kila jioni tulifanya kama ninyi: ugali, dagaa wa kutumiwa, nyimbo, maombi. Tuliuombea mji ule kwa machozi, mtaa kwa mtaa, ramani ikiwa mezani. Jioni moja ya Novemba, saa kumi na nusu na giza linaanza kuingia, nilimkuta kwenye ngazi bibi wa ghorofa ya pili na mifuko miwili ya viazi. Nikampokea. Tulipofika mlangoni kwake akaniambia, polepole ili nielewe, kwamba mume wake alipenda kutusikia tukiimba. Alikuwa anazima redio. Kisha akasema amefariki Agosti.

Mwanangu, mtu aliugua na kufa chini ya sakafu yetu, tukiwa juu yake tunauombea mji. Hatukujua hata kwamba anaumwa. Usiku ule niliketi kitandani na koti langu sikulivua.

Bibi yule aliniomba nimsindikize kanisani Jumapili ya wafu. Hiyo ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia ndiye aliyeiweka, mwaka 1816. Mchungaji husoma majina ya waliofariki mwaka ule, moja baada ya jingine, na kila jina mshumaa. Lilipotajwa la mumewe alinishika kidole, si mkono, kidole kimoja, akakibana mpaka ibada ikaisha. Na watu hawakuondoka mbio siku ile. Tangu hapo kila Alhamisi saa tisa alasiri niligonga kengele yake, kuna kahawa na keki, na Kijerumani changu nilikijifunza mezani kwake tukisoma matangazo ya bei za dukani. Alikuwa ananiambia Sie, kwa heshima, karibu mwaka mzima. Siku alipoanza kuniambia du, kama mtu wa karibu, nilijiona kama nimeitikiwa shikamoo.

Kwa hiyo timu ni nzuri, nawe usiiache, maana utaugua, utapata habari mbaya za nyumbani, na hao ndio watakaokuja. Lakini ikikumaliza jioni zote saba, itakuwa ukuta. Kaa na kiongozi wako mkiwa wawili, si mbele ya wenzako, umwambie: Baba, naomba jioni mbili kwa wiki niwe na watu wa hapa, na nitakuwa naleta habari zao kwenye maombi yetu. Hilo la mwisho usilisahau. Atakuwa anaogopa timu isisambaratike, na hofu hiyo ina sababu.

Halafu wazee. Mwanangu, unasema kana kwamba kuogesha ni kitu kinachokuzuia kuhubiri. Niliwahi kumwogesha bibi aliyekuwa ananing'ang'ania kila radi ikipiga. Miezi ilipita kabla hajanieleza, nami nikiwa nakausha vidole vyake vya miguu: usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 1943, ndege za Uingereza zilipoichoma Barmen, sehemu ya Wuppertal hiyohiyo, alikuwa na miaka minane. Mwingine alikuwa amemsahau binti yake wa kumzaa. Nilipoanza Baba Yetu kwa Kijerumani changu cha Kisambaa na kukwama katikati, yeye akaendelea mpaka Amina, bila kukosea.

Wewe ni wa Bukoba, hili ulijue: wamisionari wa Bethel, kituo cha Kikristo huko Bielefeld, Ujerumani, walipofika kwenu mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kuisoma Injili kupitia Uganda. Hawakulikuta pori tupu. Nawe hukulikuta. Wasikilize hao wazee kwanza, mahubiri yako yatapata pa kushikia.

Mwisho, tarumbeta yako. Sijui kwa nini umeitaja kama jambo lililopita. Makanisa ya Kilutheri na Reformed kule yana kwaya za tarumbeta, huziita Posaunenchor, na aliyezieneza sana ni mchungaji Johannes Kuhlo, aliyehudumu palepale Bethel, akafariki 1941. Ukikaa kwenye kiti cha tarumbeta hakuna atakayekuuliza sarufi. Nenda ofisi ya usharika wiki hii, uulize wanafanya mazoezi siku gani na nani ana tarumbeta ya kuazima. Hiyo iwe mojawapo ya jioni zako mbili. Fika dakika tano kabla, wakati huo wanapanga viti, panga nao. Na wakikuambia upige H usibabaike: ndiyo noti ya Si. Wakisema B, wanataka noti hiyo ya Si iliyoshushwa nusu.