Kuunda Modeli Kubwa ya Ndege ya Zamani katika Hewa ya Mombasa

Mtu anayefungua sanduku la modeli ya plastiki iliyobuniwa zaidi ya nusu karne iliyopita anapaswa kuisoma karatasi ya maelekezo hadi mwisho, kisha ajipangie utaratibu wake mwenyewe wa kazi. Karatasi hiyo huonyesha kila kipande kinakaa wapi, lakini haisemi ni kipande gani kitakataa kukaa, na katika seti kubwa za zamani hilo ndilo linaloamua kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Seti ninayoizungumzia ni ya Spitfire Mk Ia, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyotengenezwa na Airfix, kampuni ya Uingereza ya modeli, kwa kipimo cha 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko ndege halisi), iliyotoka mwaka 1970 na kufuatwa na Messerschmitt Bf 109, Mustang, Hurricane na Harrier za kipimo hichohicho. Ndege halisi ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, hivyo modeli yake hufikia karibu sentimita 47, na yeyote anayeishi katika nyumba za Mji wa Kale atambue mapema itawekwa wapi, mbali na jua la dirishani na mbali na paka. Yangu nilirithi kwa mjomba aliyekuwa baharia, na sanduku lilikuwa limekaa juu ya kabati miaka mingi.

Vipande vioshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa mafuta ya kalibu na vumbi la miaka huzuia rangi kushika. Bawa lililopinda hunyooka likizamishwa katika maji ya moto yasiyochemka na kushikiliwa taratibu mpaka lipoe. Baada ya hapo, viunganishe vipande vyote vikubwa kwa tepu ya karatasi bila tone la gundi, na uviache hivyo huku ukivitazama kutoka kila upande. Zoezi hili humchosha mtu mwenye haraka, lakini ndilo litakalokuonyesha kama nusu mbili za kiwiliwili zinalingana, kama fremu ya chumba cha rubani inazitanua, na kama shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili, linaacha ufa. Ufa wa shinani ndio wenye kero kubwa, maana uko juu, mahali ambapo jicho hufika kwanza, na kuujaza puti bila kuharibu mkunjo wa pale ni kazi ya mikono miwili na subira nyingi. Mimi hupendelea kuunganisha sehemu ya juu ya kila bawa na kiwiliwili kwanza, niibane mpaka ufa upotee, halafu ndipo nifunge sehemu ya chini. Kasoro yoyote iliyobaki huhamia tumboni mwa ndege, ambako msasa wa maji unaweza kufanya kazi kwa uhuru.

Kuhusu injini, amua mapema. Seti hii ina injini ya Merlin yenye silinda 12, na kishawishi cha kuionyesha ni kikubwa, ila vifuniko vya plastiki ni vinene mno kuliko bati la ndege halisi, na kuviweka na kuvitoa kila mgeni anapokuja hukwangua rangi. Ama uiache injini wazi kabisa na kuipamba kwa nyaya nyembamba za shaba, ama ufunge vifuniko kwa gundi na kuviziba vizuri. Njia ya katikati siipendekezi.

Ribiti nazo, yaani vile vinundu vidogo vya misumari ya kuunganishia bati vilivyochongwa kwenye plastiki, huzua mabishano. Wapo wanaozisugua zote, na wapo wanaoziona kuwa urithi wa seti. Ukweli ni kwamba Spitfire za mwanzo zilikuwa na ribiti zilizolala sawa na bati kwenye mabawa, na za kichwa cha mviringo sehemu ya nyuma ya kiwiliwili. Inasimuliwa kwamba wahandisi wa Supermarine, kampuni iliyounda Spitfire, walibandika punje za njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ndege ya majaribio ili wapime vichwa vya ribiti vingepunguza kasi kiasi gani, nami sijui jaribio la bei nafuu kuliko hilo. Kwa hiyo nyuma ziache, na kwenye mabawa zipunguze kwa msasa laini.

Rangi ndiyo inayotaka uijue Mombasa. Rangi za kupuliza zenye thina kali zikikutana na unyevu wetu huweza kugeuka nyeupe kama ukungu, kwa sababu thina ikiruka hupoza uso wa rangi na maji ya hewani hutua juu yake. Asubuhi na mapema, wakati wengi hupenda kufanya kazi, ndipo unyevu huwa mkubwa zaidi. Alasiri inayoanza ni bora, na Januari na Februari ni bora kuliko Aprili na Mei za masika. Praima ya magari ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande vya modeli, maana nyingine huila plastiki hii. Kwa ndege ya nusu ya pili ya mwaka 1940, juu ni kahawia ya udongo na kijani iliyokoza, na chini ni ile rangi hafifu ya kijani-samawati iliyoanza kutumika mwezi Juni mwaka huo. Kabla yake tumbo liligawanywa nusu nyeusi na nusu nyeupe.

Dekali za zamani, yaani nembo za kubandika kwa maji, huwa za manjano na hukatika majini. Zibandike dirishani ndani ya mfuko wa nailoni ulio wazi kwa macho, jua lizing'arishe kwa siku kadhaa, kisha zipake vanishi angavu, zikauke kabisa, na ukate kila moja peke yake. Anza na ile ndogo isiyo na umuhimu.

Kioo cha rubani kishikwe kwa gundi nyeupe ya maseremala, kwa kuwa mvuke wa gundi ya kukauka haraka hukipa ukungu usiotoka. Miguu ya magurudumu itobolewe na kutiwa waya wa chuma kabla haijabeba uzito, na kama matairi ni ya mpira laini, paka vanishi kati yake na plastiki, la sivyo mafuta ya mpira yatayayeyusha magurudumu polepole.