Usiifute Seva Yako Kabla Hujaisoma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, seva yetu ya mafaili inaanguka mara tatu kwa siku. Nimechoka. Niifute niandike upya?" Nilimjibu hapana. Mimi niliwahi kuifuta ya kwangu.

Mwaka 2020 nilikuwa natunza seva ya mafaili, yaani programu inayopokea na kutoa mafaili kwa kompyuta za ofisi, katika kiwanda kimoja cha uchapaji, Nasser Road, Kampala. Ulikuwa msimu wa kampeni, mabango yanachapwa usiku na mchana. Programu ilikuwa ya lugha ya C, na aliyeiandika alikuwa ameshaondoka. Alasiri moja picha ya mheshimiwa mmoja ikatoka mashineni nzima hadi kidevuni. Kuanzia shingoni kwenda chini, kijivu kitupu. Mamia yalikuwa yameshachapwa. Bosi akaniita mbele ya wenzangu akaniuliza kama kweli nilisoma. Neno lile linaniuma hadi leo.

Kwa hasira nikajifungia wiki tatu, nikaandika seva mpya. Ikaanguka siku ya kwanza. Nilikuwa nimelihamisha kosa lilelile kwa mikono yangu.

Kosa lenyewe ni hili. Kila ujumbe ulianza na baiti 4 zinazotaja urefu wake, kisha maudhui. Msimbo wa programu ulisoma mara moja tu, ukaamini kwamba ujumbe wote umeshafika. TCP, kanuni inayosafirisha data mtandaoni, haitoi ahadi hiyo. Ni mto wa baiti, hauna mipaka ya ujumbe: ukiomba baiti 65,536 unaweza kupewa 1,460. Mashine zilizounganishwa kwa waya hazikulalamika. Wabunifu wa ghorofani, waliotumia waifai, ndio waliokuwa wakipata vipande. Baiti zilizobaki zilisomwa kama urefu wa ujumbe unaofuata, ikatoka namba ya ajabu, seva ikafa na faili limebaki nusu.

Niligundua saa nane usiku. Niliandika kiprogramu kidogo kinachotuma ujumbe baiti moja moja, na seva ikaanguka palepale. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Marekebisho yalikuwa mistari 11: soma tena na tena hadi idadi itimie; ukipata sifuri, mwenzako amefunga muunganisho, acha; urefu ukizidi kikomo, ukatae. Baadaye, kwa ajili ya umeme unaokatika, nikaongeza: andika kwenye faili la muda, ita fsync (amri inayolazimisha data iandikwe kwenye diski), ndipo ulibadilishe jina. Tangu hapo hadi naondoka pale, hakuna picha iliyotoka nusu. Naisema kwa fahari.

Ndugu zangu, someni msimbo mliourithi. Kagueni jibu la kila read na kila write (amri za kusoma na kuandika). Msiseme "imefanya kazi miaka yote". Mwaka 2017 Samba, programu ya seva ya mafaili inayotumika dunia nzima, ilikutwa na dosari iliyokuwamo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010, na ilikuwa inafanya kazi miaka yote hiyo. Someni, jaribuni, kisha someni tena. Aliyeandika kabla yako hakuwa mjinga; mtandao wake ulikuwa mpole kuliko wako.

Kijana wa Mbale, kile kiprogramu cha baiti moja moja bado ninacho. Nakutumia leo jioni. Kielekeze kwenye seva yako kabla hujagusa mstari wowote, halafu niambie imeangukia wapi.